Video Ile Imekatwa Mwanzo

Najua mmeshaiona. Rafiki yangu hana simile: kabla sijamaliza kujipangusa vumbi ilikuwa imefika kwenye magrupu yote, na juu yake kaandika, "Aangushwa na pikipiki iliyozimwa." Ni kweli ilikuwa imezimwa. Lakini kaanzia katikati, kwa hiyo tulieni niwape ya mwanzo.

Honda yangu, CB350 ya 1972, shokapu zake za nyuma zilikuwa zimekwisha. Oili inachuruzika, ukivuka tuta moja inadundadunda mpaka tuta linalofuata. Nikazipima kitaalamu kabisa, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini: milimita 330. Nikapima na bushi, zile za ndani ya matundu. Karatasi ninayo.

Kisha nikaona picha ya pikipiki kama yangu, mkia juu kama nyigu, nikapagawa. Nikaagiza za 370. Milimita 40 kitu gani bwana? Vidole viwili tu!

Fundi akaniuliza, "Na stendi je?" Nikamwona hajui urembo.

Zikafungwa. Springi nikazikaza mpaka ngazi ya mwisho, ati nataka ugumu wa mashindano. Mimi na uzito wangu huu (wanaonifahamu mnyamaze) nilipokaa hazikulala hata kidogo. Rafiki alinishikia nikapanda, akaniachia, akarudi nyuma na simu yake. Picha za kwanza nzuri mno. Angalieni miguu lakini: nimesimamia ncha za vidole.

Sasa kushuka.

Nikateremsha stendi ya ubavuni, nikailaza pikipiki kushoto ili iegemee. Ikalala. Ikaendelea kulala. Nyuma imepanda, stendi ni ileile, kwa hiyo imekuwa fupi, na mimi hesabu hiyo naifanyia pale pale juu ya kiti. Nikaivuta ikarudi wima, jasho limeshaanza. Nikakumbuka stendi kubwa, ile ya katikati inayoinua tairi la nyuma. Stendi kubwa, ndugu zangu, huipandishi ukiwa umekaa juu yake.

"Njoo ushike!"

"Ngoja, nimeshabonyeza kurekodi."

Hapo ndipo video yake inapoanzia. Kilo karibu 170 za chuma, na chini yake kidole gumba changu cha mguu wa kushoto, peke yake, kimebeba dhamana yote. Kikaanza kutetemeka. Kisha goti. Kisha mkono wa kushoto, uliokuwa umeshika klachi bila sababu yoyote ya maana. Mnaouliza ile sauti inayosema "taratibu mama, taratibu" ni ya nani: ni yangu, nilikuwa naibembeleza pikipiki. Ikanisikia, maana iliinama taratibu kweli, pole pole, kwa heshima zote, mpaka ningeweza kusoma namba ya injini. Mnaona pale ninapogeuka kuitazama kamera? Nilikuwa natafuta msaada. Nikamwona anasogea pembeni apate mwanga mzuri.

Tukafika chini pamoja. Sikuruka, sikupiga kelele; nilijilaza tu ubavu, mguu mmoja bado uko juu ya kiti, petroli inanidondokea suruali kutoka kwenye kifuniko cha tanki.

Mengine ni mafupi. Mkono wa klachi umepinda, indiketa moja imekufa, goti limechubuka. Tulipoiinua tukajaribu stendi kubwa: ikapanda, na tairi la nyuma bado limekanyaga chini, kwa hiyo nayo imekuwa pambo. Tukaiegemeza ukutani. Za 330 nimeshaagiza, na fundi nimempigia. Alicheka kwanza, akaongea baadaye.

Hizi za 370 zipo, mpya, hazijatembea hata mita moja. Anayezitaka aje inboksi, ila atume kwanza picha akiwa amesimama, nione urefu wa miguu.