Kizibo Kilichozikwa Hai

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na wajomba zangu walikuwa wakiunda mashua kabla sijaota meno. Kwa hiyo jirani yangu wa hapa Minnesota aliponiambia nichukue bure boti ya alumini iliyokuwa imelala kifudifudi nyuma ya banda lake kwa miaka mingi, boti ya futi 14 iliyoundwa mwaka 1974, niliiona kuwa ni urithi uliopotea njia ukanifuata hadi Marekani. Mke wangu aliiona kuwa ni bati.

Boti za aina hiyo zina mpangilio usio na makuu: mabenchi matatu yaliyokingamana kutoka ubavu hadi ubavu, na kati yake nafasi za kutia miguu. Mvuvi akitaka kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenda omo, yaani mbele, hana budi kuyaruka mabenchi yote kama mbuzi anayeruka matuta. Nilitaka kuliondoa benchi la katikati, nitandaze sitaha ya plaiwudi kutoka mbele hadi nyuma, niifunike kwa zulia, na chini yake nipate nafasi ya nyaya na mishipi. Nilianza kuchora mwezi wa Novemba na nikamaliza Aprili, kwa sababu katika majira ya baridi ya huku mtu hana kazi nyingine ila kuzoa theluji na kujidanganya.

Mchoro ulipokamilika nilimpigia mjomba simu ya video.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu nione."

Nikausogeza mchoro karibu na kamera. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akauliza swali moja tu, kuhusu mahali pa chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hujikusanya: "Na ngama utaikumba kupitia wapi?"

Nikacheka kwa adabu. Nikamweleza kwamba hiki si chombo cha mbao kinachotaka kuzibwa nyufa kwa kalafati kila mwaka, kwamba alumini haipitishi maji, na kwamba siku hizi hakuna anayekaa na upo mkononi akikumba maji kama watu wa zamani.

"Haya," akasema mjomba. Yeyote aliyelelewa na mjomba wa pwani anajua kwamba "haya" ya namna ile si ya kukubali.

Kazi yenyewe ilinifunza mambo ambayo ningeyajua mapema laiti ningeuliza. Benchi la katikati lilipotoka, mbavu za boti zilianza kufunguka na kufunga kama kinanda cha mkono, ndipo nikatambua kwamba benchi halikuwekwa kwa ajili ya makalio peke yake: ndilo linaloshikilia ubavu huu na ule, na ndani yake limejazwa povu gumu la kuifanya boti ielee hata ikijaa maji. Povu hilo, kwa kuwa lilikuwa na umri wangu, lilikuwa limekunywa maji hadi likakinai, na kipande nilichodhani nitakiinua kwa mkono mmoja kilihitaji mikono miwili na dua. Ilinibidi ninunue povu jipya na pau za alumini za kuzifunga mbavu upya. Muuza mbao aliniokoa na kosa jingine aliponizuia nisinunue mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, kwani dawa hiyo huwa na shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu huila alumini taratibu.

Kisha kulikuwa na kibati. Tangu Novemba 1972 boti ndogo zinazoundwa Marekani hutakiwa kubandikwa kibati kinachotaja idadi ya watu na uzito zinaoweza kuubeba, na changu kiliruhusu watu wanne. Nilipoipima sitaha yangu, pamoja na zulia na betri, nikakuta kwamba abiria mmoja tayari ameshageuka plaiwudi. Mama watoto na binti yetu walitazamana, kila mmoja akimtakia mwenzake heri ya kubaki nyumbani. Niliwatuliza kwa kuwakumbusha kwamba sisi tuko watatu tu.

Kabla ya kuifunika sitaha nilifanya jambo la busara, na ndilo lililoniponza. Nilitia maji ndani ya boti ikiwa juu ya trela, kiasi cha kina cha kiganja, kwa maana lita moja ni kilo moja na boti huundwa ili kuzuia maji ya nje, si kubeba ya ndani. Nikaingia chini yake na chaki, nikazitia alama ribiti tisa, yaani misumari inayounganisha mabati, zilizokuwa zikilia machozi. Nikayatoa maji kwa tundu la nyuma, nikaziziba ribiti, kisha nikakirudisha kizibo mahali pake kwa ndani, kizibo cha mpira chenye kipini cha kulaza ili kikaze, nikakikaza kama mtu anayefunga hesabu za mwaka. Kesho yake nikapigilia sitaha. Ribiti 260. Zulia juu yake. Kwenye tezi niliacha mlango mmoja wa duara wenye kipenyo cha sentimita 10, ambao nilikuwa nimeuagiza kwa sababu ulionekana nadhifu kwenye picha.

Sheria ya Minnesota inamtaka kila mwenye boti akitoe kizibo kabla ya kupita barabarani, maji yote yatoke, ili asihamishe kutoka ziwa hadi ziwa wale kome wadogo wenye milia waliovamia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980. Niliijua sheria hiyo. Niliijua kama ninavyojua kwamba sukari si nzuri.

Jumamosi ya kufungua msimu wa uvuvi, mwezi wa Mei, tulifika ziwani tukakuta foleni ya magari yenye matrela. Mkaguzi alikuwa binti mdogo mwenye kizibao cha rangi kali na heshima nyingi. Akainama nyuma ya boti yangu, akainuka, akauliza kwa upole kizibo kiko wapi. Nikasema kipo ndani. Akauliza tena, kwa upole uleule, mbona anasikia maji. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha, na ilikuwa imechujika kupitia zulia hadi chini ya sitaha, mahali ambapo mjomba wangu, ng'ambo ya bahari mbili, angepaita kwa jina lake.

Nikalala kifudifudi juu ya zulia, nikaufungua ule mlango nadhifu, nikatumbukiza mkono hadi begani. Nilipapasa, nikakipata kipini, nikakiinua, nikavuta. Maji yakatoka kwa kishindo, na watu wawili watatu kwenye foleni wakapiga makofi. Nami nikataka kuutoa mkono ili niinuke nitabasamu, lakini ngumi yenye kizibo ilikuwa nene kuliko mkono ulioingia mtupu. Ningeweza kukiachia. Sikukiachia, kwa sababu mtu aliyekwisha kupigiwa makofi haachii kitu. Nilivuta, nikajipinda, kiwiko kikakwama na kuanza kuvimba, na baada ya dakika chache hata nilipokuwa tayari kukiachia, mkono wenyewe ukawa hautaki tena kuondoka.

Watu wa Minnesota husifika kwa upole. Hakuna aliyepiga honi, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kiwiko. Walishuka magarini mmojammoja, wakaja kuuliza kama niko salama, wakasema hali ya hewa ni nzuri. Binti yangu alikuwa amesimama juu ya tairi la trela akirekodi.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "usivute." Akatoa kwenye mkoba wake chupa ya mafuta ya nazi anayopaka nywele, akaimimina yote kuzunguka bega langu, akikandia kwa kidole kama mtu anayekoleza samaki viungo. Nikakiachia kizibo, mkono ukateleza ukatoka ukinukia harusi.

Kizibo nacho kikadunda mara mbili, na kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa pua ikielekea chini, kikabingiria kupitia mfereji wa katikati niliouacha juu ya mkuku, uti wa mgongo wa boti, mfereji ulionyooka vizuri sana, hadi omo, futi 12 kutoka kwenye mlango wa pekee.

Mzee mmoja mwenye kofia ya mabaka alikwenda kwenye gari lake akarudi na kizibo cha akiba, ndugu pacha wa kile kilichozikwa. Nikaanza kumweleza kwamba hakuna njia ya kukifikisha ndani. Hakunijibu. Akachuchumaa nyuma ya boti, akakisukuma kwenye tundu, akakilaza kipini. Haikufika sekunde tano.

"Kwa nje?" nikamuuliza.

"Kwa nje," akasema, kwa huruma. Alikataa fedha, akachukua sambusa mbili.

Boti ilielea vizuri, nasema haya bila kujisifu. Nilipoongeza mwendo, omo ikainuka, na chini ya miguu yetu tukasikia kitu kikibingiria kurudi tezi na kugonga. Nilipopunguza, kikabingiria kwenda omo na kugonga. Kule nyumbani jua lilikuwa likielekea kuzama, hivyo nikampigia mjomba nimwonyeshe ziwa. Aliisifu sitaha, akalisifu zulia, kisha akatega sikio.

"Nini hicho kinachogonga huko chini?"

Kabla sijapata jibu la kufaa, mke wangu aliichukua simu, akamwamkia mzee, akamsimulia yote tangu mwanzo, wala hakuyasahau mafuta ya nazi. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Haya," akasema.