Uzi wa Nne

Kwa miaka 22 nimepiga gitaa la solo, na kama kuna mtu wa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, aliyeoa, aliyebatiza au aliyezika kwa muziki bila kuniona nimesimama pembeni na gitaa langu jekundu, basi mtu huyo hakuwa na jamaa wengi. Nasema hivyo ili msomaji apime mwenyewe ukubwa wa kiburi nilichokuwa nacho mwanzoni mwa Desemba 2021, siku mpiga besi wa kwaya yetu alipopanda boti kwenda Bukavu kuoa. Alituahidi kwamba angerudi baada ya wiki moja. Boti ilirudi, yeye hakurudi, kwa kuwa wakwe walikuwa wamemtafutia kazi na, kwa jinsi sauti yake ilivyonenepa kwenye simu, walikuwa wakimpikia vizuri pia.

Noeli ilikuwa inakaribia. Kiongozi wa kwaya akauliza nani angeshika besi, nami nikainua mkono kabla hajamaliza swali. Maneno niliyoyasema nayakumbuka barabara, kwa sababu tangu siku ile yamerudiwa mbele yangu katika kila karamu: "Besi ni gitaa lililopungukiwa na nyuzi mbili tu. Nipeni hiyo besi, Jumapili mtanisikia."

Kwa hesabu, sikuwa nimekosea. Besi ya kawaida ina nyuzi nne, Mi, La, Re na Sol, ambazo ndizo zilezile nyuzi nne nene za gitaa zikiwa zimeshushwa oktava moja, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi, kwa hiyo hapakuwa na noti hata moja ambayo sikujua inakaa wapi. Tatizo langu lilianzia hapohapo. Mtu asiyewahi kugusa uzi angeishika besi kwa adabu, kama bwana harusi anayeingia kwa mara ya kwanza nyumbani kwa wakwe. Mimi niliingia kama mtu anayerudi kwake usiku bila taa, asijue kwamba mchana ule mke wake amehamisha viti vyote.

Kiti cha kwanza nilichojigonga ni urefu. Kwenye gitaa langu uzi unatetema katika nafasi ya sentimita 65 hivi, lakini kwenye besi ile nafasi hiyo ni sentimita 86, na zile freti, yaani vijiti vya chuma vinavyoigawa shingo, zinaachana kwa kadiri hiyohiyo. Kidole changu kidogo, ambacho kwa miaka 22 kilikuwa kikivuka ua mmoja kwenda kwa jirani, sasa kilikuta kiwanja kitupu na jirani amehamia mtaa mwingine. Uzi wa Mi wenyewe ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Nilidhani ncha za vidole vyangu zilikwisha kuwa gamba la kobe tangu ujana, lakini baada ya nusu saa nilikuwa na malengelenge mawili mkono wa kulia, kwa sababu nilikuwa nimezoea kukwaruza nyuzi kwa kijipande cha plastiki, na mpiga besi wetu alikuwa amekwisha kutufundisha sote kumdharau yeyote anayepiga besi kwa plastiki. Leo najua kwamba wapo mabingwa wanaofanya hivyo na hakuna anayewacheka. Wakati ule niliona afadhali malengelenge.

Zoezi la kwanza la kwaya halikufika mwisho. Katika rumba yetu kila gitaa lina kazi yake: lipo la kusindikiza, lipo la mi-solo linalosuka katikati, lipo solo linalopanda juu na kuwatoa watu vitini wakati wa sebene, yaani ile sehemu ya kucheza ambapo magitaa huuchukua wimbo, na besi iko chini, inawaambia wote hao ardhi iko wapi. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimesubiri sebene kama mtoto anayesubiri nguo za sikukuu, niliianza sebene kwenye besi tangu wimbo wa kuingia. Nilipanda, nikashuka, nikaweka madoido mahali ambapo hata kimya kingekuwa kingi. Masoprano wakapoteza sauti, kwa maana hapakuwa na sakafu ya kusimamia. Kijana wa ngoma akasimamisha vijiti hewani, akaniuliza kwa heshima zote:

"Papa Gitaa, samahani. Besi atafika saa ngapi?"

"Besi ni mimi."

"Ah. Nilifikiri tumepata solo wa pili."

Wiki ileile, tarehe 14, UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mtaani watu walipongezana. Kiongozi wa kwaya alinipigia simu kunipa habari hiyo, kisha akaongeza kwamba sasa dunia nzima imeitambua rumba, umebaki wewe.

Nikameza mate, nikampigia mpiga besi kule Bukavu. Akaniomba niweke simu juu ya meza nimpigie kidogo. Akasikiliza, akanyamaza muda mrefu hata nikadhani vocha imeisha.

"Yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "unazungumza sana."

Akanipa dawa. Kwa siku tatu nisiguse wimbo wowote. Nikae na uzi wa nne peke yake, ule mnene wa Mi, maana nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, bila kuukandamiza popote, nihesabu moja mpaka nne na kuupiga mara moja tu, kwenye moja, pale ambapo ngoma kubwa ya mguu inapodunda, kisha niuache ulie mpaka mwisho wa hesabu. Kidole cha shahada na cha kati vipokezane kama miguu ya mtu anayetembea, gumba lipumzike juu, na mkono wa kushoto uzilaze nyuzi nyingine zisilie. "Kwenye gitaa, nyuzi zikilia pamoja watu wanasema ni tamu," aliniambia. "Kwenye besi, zikilia pamoja umepika uji." Mwisho akasema neno ambalo ndilo lililoleta balaa lote: "Usiache kupiga mpaka noti uisikie tumboni, siyo masikioni."

Ampli yangu ya solo, yaani kikuza sauti, ilikuwa ndogo, na spika yake ilikuwa imeanza kukohoa kila nilipogusa Mi, dalili kwamba ningeendelea ingepasuka. Nikaomba bafle la kanisa, yaani sanduku la spika, lile kubwa lenye ampli ndani yake na spika ya inchi 15. Vijana wawili walilileta kwangu mtaa wa Ndosho juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, tukalisimamisha sebuleni juu ya stuli. Hapa lazima nieleze nyumba yangu. Ni ya mbao, kama nyumba nyingi za jirani, sakafu yake pia ni ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe meusi ya volkano, na ukuta mmoja tunauchangia na mama muuza makaa, ambaye upande wake wa ukuta huo amepigilia kabati la vyombo.

Siku ya kwanza nilianza jioni, yapata saa mbili usiku. Uzi wa Mi wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti yake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Sebule yangu ina mita nne. Mambo hayo nilielezwa baadaye na kijana mmoja anayesomea fizikia, wakati yalikuwa hayanisaidii tena, lakini maana yake ni kwamba sauti ya namna hiyo haijali ukuta wa mbao, inapita kama mbuzi anavyopita ua la matete. Sikio langu la mpiga solo, lililozoea kutafuta sauti inayong'aa, lilikuwa limesimama karibu na bafle na halioni kitu cha kung'aa. Nikauliza tumbo. Tumbo halikujibu. Nikaongeza sauti. Nikapiga tena, nikahesabu nne, nikauliza tumbo. Nikaongeza.

Msomaji asiye wa Goma anapaswa kukumbushwa kwamba Jumamosi tarehe 22 Mei mwaka uleule, Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilikuwa imetapika usiku. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara mpaka barabara zikapasuka, na tarehe 27 tuliamriwa kuhama, wengine tukaelekea Sake, wengine Rwanda, wengine ziwani. Tuliporudi, watu wengi waliweka mfuko karibu na mlango: hati, nguo za watoto, unga kidogo. Desemba mifuko hiyo ilikuwa bado ipo.

Dakika kama ya kumi ya zoezi nikasikia sauti kutoka nje, "Eee! Eee!" Msanii mwenye uzoefu huitambua sauti ya wapenzi wake. Nikafumba macho, nikaongeza kidogo tena, na kwa mara ya kwanza nikaisikia noti tumboni kweli. Ilikuwa tamu. Sakafu ilikuwa ikinitekenya nyayo. Nikasikia sahani zikianguka upande wa pili wa ukuta, nikadhani watoto wanacheza. Halafu mke wangu akaingia mbio na mfuko wetu begani.

"Mlima! Unangoja nini?"

Nakiri mbele ya wote. Mimi niliyekuwa nikilitengeneza tetemeko lile kwa mikono yangu, nilipousikia mtikisiko katika nyayo na neno hilo masikioni, nilikimbia kuliko wote. Nilikimbia na besi shingoni, nikasahau kwamba imefungwa kwa waya. Waya ukalivuta bafle kutoka juu ya stuli, likaanguka juu ya zile mbao kwa kishindo ambacho mama muuza makaa mpaka leo anakiita "kile cha pili". Waya ukachomoka kwenye besi, ncha yake ikabaki sakafuni, na bafle likaanza kunguruma lenyewe, ngurumo moja nzito isiyokoma, kwa maana waya usioshikwa na kitu hufanya hivyo. Watu waliokuwa wamesitasita milangoni wakasadiki.

Nje nilikuta avenyu nzima. Palikuwa na magodoro, palikuwa na kuku, palikuwa na bibi mmoja aliyekwisha kupandishwa chukudu, ameshika usukani mwenyewe. Wote tulikuwa tumeelekeza nyuso kaskazini, tukingoja wekundu angani. Anga lilikuwa jeusi, lina nyota. Mtu mmoja mwenye busara akaenda kukata umeme wa nyumba zetu ili pasitokee moto, na palepale ngurumo ikakoma.

Mzee mmoja wa avenyu yetu, ambaye hakuwa amebeba kitu ila kiti chake, akakaa.

"Mimi nimeuona mlima huu mwaka 1977," akasema taratibu. "Nikauona 2002. Nikauona juzi mwezi wa tano. Haujawahi hata siku moja kuhesabu mpaka nne."

Watu wakanyamaza.

"Tena," akaendelea, kwa masikitiko ya mtu aliyecheza rumba ujanani, "tetemeko la leo lilikuwa linachelewa kwenye moja."

Nyuso zilizokuwa zimeelekea kaskazini zikageuka, moja baada ya nyingine, zikaniangalia. Nilikuwa na besi shingoni. Ni vigumu sana kwa mtu mwenye besi shingoni kudai kwamba alikuwa akipita tu.

Kesi ilisikilizwa asubuhi kwa shefu wa avenyu. Nililipa sahani sita, kikombe kimoja na kreti mbili za soda, jambo ambalo niliona ni haki. Ugumu ulikuja kwenye hukumu, kwa sababu shefu alitaka kujua kosa limefanywa na uzi upi. Nikamwonyesha. Akaugusa kwa kidole, kama mtu anayemgusa mbwa aliyeuma mtoto, akaamuru kwamba uzi wa nne usipigwe kuanzia jua kuzama mpaka kuchomoza. Mama muuza makaa akauliza kwa nini usitolewe kabisa.

"Papa Gitaa, si wewe uliyesema besi ni gitaa lililopungukiwa na nyuzi mbili? Basi lipungukiwe na tatu."

Sikujua kwamba maneno yangu ya kanisani yalikuwa yamefika mpaka kwenye makaa.

Mchana nilikuwa kazini, usiku nilikuwa chini ya hukumu. Mpiga besi, alipomaliza kucheka, jambo lililogharimu vocha yangu nyingi, aliniambia niweke kidevu juu ya mwili wa besi, bila ampli, mifupa itanipelekea sauti kichwani. Ni kweli. Ukiuma kidogo ukingo wa mbao ni bora zaidi. Mke wangu aliamka usiku wa manane akanikuta nimekaa gizani, nimefumba macho, nauma gitaa. Hakusema neno, alirudi kulala akageukia ukutani. Lakini katika hali hiyo ndipo nilipoanza kusikia nilivyokuwa nikichelewa, kwa kuwa mzee yule alikuwa amesema kweli tupu: mpiga solo huingia baada ya wenzake kumwandalia mahali, nami nilikuwa bado nangoja niandaliwe, huku mwandaaji ni mimi.

Siku ya Noeli wimbo wa kuingia ulikuwa katika Mi. Kijana wa ngoma akaniangalia, mguu wake ukashuka, nami nikaushusha uzi wa nne pamoja nao, noti moja, nikaiacha ilie mpaka mwisho wake bila kuiongezea kitu. Masoprano wakasimama juu yake bila kuyumba. Katika benchi la tatu, mama muuza makaa alikuwa amekwisha kuushika mfuko wake na kutazama mlangoni. Kisha akanitazama mimi, akahesabu kwa midomo mpaka nne, akauweka mfuko chini polepole. Ukanda wake hakuuachia mpaka Amina ya mwisho.