Ayurveda, homoni na kopo la Mwanjelwa

Binti wa dada yangu alifika kwangu Uyole mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiuma hasa, akiwa na kopo la unga wa kahawia kwenye mkoba. Alilinunua sokoni Mwanjelwa. Lebo ina maandishi ya Kihindi, na juu yake imebandikwa karatasi ya Kiswahili: chunusi, kukatika nywele, hedhi kuvurugika, uvimbe, kutoshika mimba. Jina la mtengenezaji hakuna. Neno kubwa kuliko yote ni AYURVEDA, tiba ya jadi ya India.

Watu wakiliona neno hilo, wengine hununua na wengine hucheka. Mimi nilikuwa wa kucheka, ndiyo maana naandika.

Kabla ya kopo, huyu binti alishazunguka. Chunusi za taya zilimpeleka duka la dawa, akapewa krimu. Nywele zilizopungua utosini zilimpeleka saluni, akaambiwa aache rasta, avae wigi. Hedhi inayokuja baada ya miezi mitatu ikampeleka kituo kimoja cha afya, na huko akaambiwa, "Ukizaa itatulia." Hana hata mchumba. Ndevu mbili tatu za kidevuni hakumwonyesha mtu. Anazing'oa kwa kibanio usiku. Alipita kwa watu watatu na hakuna aliyemuuliza alikotoka.

Hapo ndipo Ayurveda inapowashinda wote. Mtaalamu wake wa kweli, ambaye India husomea shahada ya miaka mitano na nusu, haanzi na chunusi. Anauliza unalalaje, choo kikoje, njaa inakuja saa ngapi. Anaangalia ulimi, anashika mapigo. Homoni haimo katika msamiati wake wa asili. Neno hilo lilianza kutumika London mwaka 1905. Yeye anasema kapha, uzito na ubaridi, imezidi na kuziba njia ambazo vata, nguvu ya mwendo mwilini, ilipaswa kuzipitia. Kwa aliyesoma baiolojia, maneno haya yanachekesha. Lakini tazama anachoagiza: punguza vitamu na vyakula vizito, mlo mkubwa uwe wa mchana, choroko na wali kidogo badala ya maandazi, tembea, lala mapema.

Sasa sikiliza hospitali inavyoeleza PCOS, tatizo la homoni na ovari linaloongoza katika kuleta mchanganyiko huu. Insulini, homoni inayoshusha sukari, ikizidi kwenye damu, ovari hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na ini nalo hupunguza protini ya kuzifunga homoni hizo. Zikiwa huru, tayani zinaleta chunusi, kidevuni ndevu, utosini nywele zinapungua. Yai halipevuki, hedhi haiji. Chanzo kimoja, dalili kila mahali. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha upevushaji wa mayai. Yaani choroko, kutembea na kulala. Wamefika sokoni kwa njia mbili tofauti.

Kuna takwimu ya Shirika la Afya Duniani isiyoniacha: mwaka 2023 PCOS ilikadiriwa kuwapata wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Ni hesabu ya dunia nzima, lakini niliipeleka mazoezi ya kwaya. Sisi wanawake wa umri huo tuko kama 40. Wenye PCOS hapo ni watatu hadi watano, na anayejua pengine ni mmoja. Nikajikuta nawaangalia wenzangu badala ya kuangalia nota: yule asiyetoka bila kitambaa kichwani, yule anayeitwa mgumba na mawifi zake. Asilimia 70 hiyo haikuletwa na wauza unga. Wauza unga wameikuta, wakaweka meza.

Na meza yao ndiyo ninayoiogopa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Si zote ni uchafu wa bahati mbaya, maana tawi moja la Ayurveda huchanganya madini kwa makusudi. Ashwagandha, mzizi maarufu kuliko yote, umehusishwa na madhara ya ini na unaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo. Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusilipite hilo haraka. Bibi zetu walikuwa na rovu, uvimbe wa tezi hiyo ya shingo, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, na tezi hiyo ikivurugika nayo hukatisha nywele na kuharibu mpangilio wa hedhi. Wanawake wawili wanaweza kuwa na malalamiko yaleyale, mmoja tezi yake inalala, mwingine inakimbia. Kopo haliwezi kujua.

Hospitali ina hoja nyingine nzito ambayo haiielezi vizuri. Hedhi ikikosekana miezi mingi, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unazidi kunenepa, na hatari ya saratani yake inapanda. Vile vidonge vya majira tunavyosema "vinaficha tu tatizo" vinaulinda ukuta huo.

Vya jikoni sina ugomvi navyo, kwa kiasi cha jikoni. Uwatu binti analoweka usiku, asubuhi maji yana utelezi kama bamia, anakunywa huku amekunja uso. Mdalasini ulijaribiwa Marekani kwa wanawake 45 wenye PCOS, gramu 1.5 kwa siku, miezi sita; mizunguko ya hedhi iliongezeka, lakini wengi hawakufika mwisho wa utafiti. Ni dalili njema, haijawa dawa.

Kopo tumeliweka juu ya kabati, maana hatukuona hata namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kisha tukakaa mezani tukaandika yote kwenye karatasi moja: chunusi, utosi, ndevu, tarehe za hedhi za mwaka mzima, uwatu, na huo unga aliokuwa ameunywa siku tisa. Kuandika ndevu ilibidi nimshike mkono.

Daktari, dada mmoja kijana, aliisoma mpaka chini. Akaandika vipimo vya sukari, tezi, prolaktini (homoni ya maziwa), homoni za kiume na altrasaundi. Halafu akaweka kalamu.

"Unalala saa ngapi?"

Binti akanitazama kwanza. "Saa nane, dokta. Nikishamaliza simu."

Hilo mimi mama yake mdogo nilikuwa silijui.