Mpimeni Sukari Kabla Hamjamng'oa Jino

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwa daktari wa meno hapa Kisumu, nikarudi na hasira ambayo haijaniisha. Hilo lilikuwa jino lake la tatu kung'olewa. Meno yenyewe hayakuoza, yalilegea tu, fizi zikavimba na kutoa usaha. Kidonda cha jino la pili kilikawia mno kupona. Usiku haishi kwenda msalani, na chupa ya maji haimtoki mkononi.

Pale kliniki alipimwa presha. Akaulizwa kama kuna dawa inayomdhuru. Akachomwa ganzi, jino likatoka, akaandikiwa antibiotiki na dawa za maumivu. Sukari haikutajwa na mtu yeyote. Tulipofika duka la dawa karibu na soko la Kibuye, muuzaji alimsikia akilalamika kiu, akamchoma kidole. Mashine ikasoma 17 (kwa kipimo cha mmol/L), yaani sukari iko juu sana.

Kipimo hicho kinataka tone moja la damu na sekunde chache. Yule aliyekuwa akitazama ndani ya kinywa chake ndiye aliyekuwa na ushahidi wote mbele ya macho yake!

Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Sukari ikipanda, mwili hulegea katika kupambana na bakteria, na vidonda hukawia kufunga. Nao uvimbe wa fizi huizuia insulini kufanya kazi yake, sukari ikazidi kupanda. Tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi ipasavyo, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu na kusomwa kwa asilimia, hushuka kwa takriban pointi 0.4 za asilimia. Kwa hiyo kliniki za kisukari nazo ziwaambie wagonjwa wafungue midomo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini hawajawahi kupimwa sukari. Hao watu tutawapatia wapi? Kiu haimpeleki mtu hospitali. Uchovu haumpeleki. Jino humpeleka, tena usiku, juu ya bodaboda, shavu limefungwa leso. Pengine ndiyo siku pekee mwaka huo atakapoketi mbele ya mhudumu wa afya, nasi tunamng'oa jino na kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Nakubali, foleni ni ndefu na vijiti vya kupimia huisha. Nakubali pia kwamba maumivu na uambukizo vinaweza kupandisha sukari, na kwamba asiye na dalili hawezi kuitwa mgonjwa kwa kipimo kimoja. Basi aandikiwe barua, arudi asubuhi kabla hajala, apimwe tena. Wala sisemi mwenye jipu afukuzwe kwa sababu sukari iko juu, maana jipu linahitaji kutibiwa.

Na wale wanaojua wana kisukari? Wengine huja tumbo tupu kwa kuogopa sindano, ilhali wamemeza dawa au kujidunga insulini. Sukari ikishuka chini ya 4, mtu anaweza kuzirai pale pale kwenye kiti.

Kaunti ikiagiza ganzi, iagize na vijiti. Hadi vifike, wewe unayeenda kung'olewa jino, omba mwenyewe upimwe, na wakikosa mashine, pitia duka la dawa kwanza.