Asilimia 10 inayochelewesha ripoti: kesi ya kasa za PostgreSQL

Ulizo (query) la SQL, yaani lugha ya kuuliza hifadhidata, likiendeshwa peke yake linamaliza kwa dakika mbili. Ulizo hilohilo likipitishwa kwenye kasa (cursor), yaani likifunguliwa kwa DECLARE na matokeo yake kuvutwa fungu kwa fungu kwa FETCH, linakwenda dakika kumi na zaidi. Data ni ileile na seva ni ileile. Hapo mabishano huanza: waandishi wa programu wanataka kasa ing'olewe, wasimamizi wa hifadhidata wanasema kasa haina kosa, imetumiwa visivyo.

Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, mshukiwa wa kwanza ana jina: cursor_tuple_fraction. Kigezo hiki kiliingia na toleo la 8.4 mwaka 2009, na thamani yake ya kawaida ni 0.1. Yaani kinachopanga ulizo hudhani kwamba aliyefungua kasa atavuta asilimia 10 tu ya rekodi kisha aende zake. Kwa dhana hiyo hupendelea mpango unaotoa rekodi za mwanzo upesi, hata kama kufika mwisho kutakuwa ghali.

Tuseme kuna jedwali kubwa la malipo, na ripoti inayataka yote yakiwa yamepangwa kwa tarehe. Mpango wa kwanza unafuata faharasa (index) ya tarehe: gharama ya kuanza, kwa makadirio ya injini, ni karibu 0, ya kumaliza 400,000. Mpango wa pili unasoma jedwali zima halafu unazipanga rekodi kwa tarehe: kuanza 90,000, kumaliza 120,000. Kwa asilimia 10, wa kwanza unahesabiwa 40,000 na wa pili 93,000, kwa hiyo wa kwanza unashinda. Ripoti ikisomwa hadi rekodi ya mwisho, umechukua mpango wenye gharama zaidi ya mara tatu.

Je, 0.1 ni kosa? Wanaoitetea wana hoja nzito. Kasa nyingi hufunguliwa ili mtu aone ukurasa wa kwanza kwenye skrini, na mtu huyo hapendi kusubiri jedwali zima lipangwe ili aone rekodi 20. Kwake, mpango wa faharasa ndio sahihi. Wanaoilaumu nao wanasema kweli: kazi za usiku, uhamishaji wa data na ripoti za mwezi husoma kila kitu, na hakuna anayewaonya waandishi wake kwamba injini imewadhania vingine. Naona thamani ya kawaida ibaki ilivyo, na kazi ya usiku iandike SET LOCAL cursor_tuple_fraction = 1.0 ndani ya muamala (transaction) wake. Kuibadilisha kwa seva nzima ni kuwaadhibu watu wa skrini kwa sababu ya ripoti moja.

Kinachonikera zaidi ni namna uchunguzi wenyewe unavyofanywa. Mtu analichomoa ulizo kwenye kasa, anaendesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoendesha ulizo na kuonyesha mpango wake, anaona mpango mzuri, anatangaza kwamba hifadhidata haina tatizo. Amepima kitu kingine kabisa. PostgreSQL inakubali EXPLAIN ANALYZE DECLARE c CURSOR FOR na ulizo lako, na hapo ndipo mpango wa kasa unapoonekana. Linganisha mipango hiyo miwili kabla ya kumlaumu mtu.

Kumbukumbu za seva (log) nazo hudanganya kwa kunyamaza. Maktaba ya psycopg2, inayounganisha programu za Python na PostgreSQL, kasa yake yenye jina ikisomwa rekodi baada ya rekodi, huvuta rekodi 2,000 kila safari. Rekodi milioni 10 ni FETCH 5,000. Kila moja ikichukua milisekunde 40, jumla ni sekunde 200, lakini log_min_duration_statement, kigezo cha kuandika amri zilizofikia muda fulani, iliyowekwa sekunde moja haitaandika hata FETCH moja. Moduli ya auto_explain inafaa zaidi hapa, kwa kuwa hujumlisha muda wa utekelezaji wote na kuuandika pamoja na mpango ulizo linapofungwa.

Wakati mwingine mpango ni mzuri na seva imekaa tu. Ukitazama pg_stat_activity, orodha ya kinachoendelea kwenye seva, mara kadhaa na kila mara ukakuta ClientRead, seva inasubiri programu iombe fungu linalofuata. Hali hii hujitokeza sana kwa postgres_fdw, kiungo cha kusoma majedwali ya seva nyingine ya PostgreSQL, ambayo fetch_size (ukubwa wa fungu) yake ya kawaida ni 100: rekodi milioni moja ni safari 10,000, na kila safari ikila milisekunde 20 za mtandao, sekunde 200 zimepotea barabarani. Dawa hapo ni kuongeza fetch_size. Kuongeza faharasa hakutasaidia kitu.

Wanaotaka kasa ing'olewe bado wana mambo mawili nisiyoweza kuyapuuza. La kwanza, ulizo la DECLARE CURSOR halipewi kamwe mpango wa kutumia wafanyakazi sambamba (michakato kadhaa inayogawana ulizo moja), hata ukiweka 1.0. Kama zile dakika mbili za mwanzo zilitokana na wafanyakazi wanne, hutazipata ndani ya kasa. La pili, kasa ya kawaida huishi ndani ya muamala, na muamala ukikaa wazi saa nzima, VACUUM, kazi ya usafi wa hifadhidata, haiwezi kuondoa rekodi zilizokufa ambazo muamala huo huenda bado unaziona. Majedwali yanavimba, na maulizo ya watu wengine kabisa yanaanza kusuasua.

Kasa ikifunguliwa kwa WITH HOLD inaachilia muamala, ila matokeo yote yaliyobaki huhifadhiwa kando wakati wa COMMIT, kwa hiyo unalipa kwa mkupuo. Kuondoa kasa bila kuweka mbadala nako kuna bei yake: libpq, maktaba ya C ya kuunganisha programu na PostgreSQL, kwa kawaida hupakia matokeo yote kwenye kumbukumbu (RAM) ya programu, na rekodi milioni 10 zinaweza kuiangusha. Kwa kuhamisha data nje ningetumia COPY, amri ya kutoa data kwa wingi. Kwa kurasa za skrini, ningeomba rekodi zinazofuata baada ya ufunguo wa mwisho uliosomwa, kila ukurasa ukiwa ulizo fupi linalojitegemea. Kasa ningeibakiza pale ambapo programu lazima ichakate rekodi moja moja ndani ya muamala uleule, ikiwa na 1.0 yake na mafungu makubwa.