Panya sio mtu, sawa, lakini hizi picha za ubongo wake tusizipuuze

Kila ikitoka habari ya panya wa maabara watu wanasema yaleyale, panya sio mtu, hela inachomwa bure. Safari hii ni MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, za Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kazi ya mtafiti G. Allan Johnson na wenzake ya 2023, wanayoitumia kuangalia ubongo unavyobadilika panya akizeeka. Hoja ya wanaopinga ina mashiko: ubongo wenyewe haufiki hata gramu moja, juu hauna mikunjo kama wetu, na panya hapati Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, mpaka apandikizwe jeni za binadamu.

Halafu kuna ile namba iliyozagaa, kwamba picha ni kali mara milioni 64 kuliko za hospitali. Chukua kimchemraba cha picha ya hospitali, tuseme milimita 2 kila upande, weka na cha maikroni 5 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu): upande mmoja vinaingia 400, 400 mara 400 mara 400 ndo hiyo 64,000,000. Hesabu iko sawa, ila maikroni 5 ni za ramani ya nyuzi za neva iliyokokotolewa na kompyuta, skana yenyewe ilipiga kwa 15. Rudia kwa 15 unapata kama milioni 2.4, na mi naona hata hiyo inatosha kabisa.

Watu wanachoruka ni hiki. Panya akishakufa ubongo unapigwa MRI ukiwa bado ndani ya fuvu, sumaku ya tesla 9.4 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) wakati hospitali nyingi ni 1.5 au 3, baadaye ndo unatolewa, unalowekwa kwenye kemikali mpaka unapitisha mwanga, seli zinatiwa rangi, unapigwa tena kwa hadubini. Sasa ukishatolewa unavimba, unapinda, saa zingine unachanika, utajuaje sehemu imesinyaa kwa uzee au kwa mkono wa fundi? Ile MRI ndo inatunza umbo halisi, picha ya hadubini inanyooshwa juu yake mpaka seli zinarudi mahali pake.

Kasoro ipo, panya aliyekufa huwezi kumfuatilia toka ujana, na ukimpiga akiwa hai ukali wa picha unashuka sana.

Lakini mzee akipigwa MRI hospitali, daktari akaona maji ya ubongoni, ambayo MRI inapima yanavyotembea, hayafuati tena njia yake kwenye nyuzi nyeupe za neva, hawezi kufungua kichwa aangalie ni nyuzi zimekufa au ni ganda lake la mafuta limelika. Kwa panya, anayezeeka ndani ya miaka 2 hivi, kipimo kilekile cha maji kinachukuliwa na seli zenyewe zinaonekana, kwenye ubongo uleule.