Nani mwenye ufunguo wa malisho?

Malisho yakichakaa, lawama humwangukia kwanza mfugaji mwenye kundi kubwa. Punguza mifugo, anaambiwa, nyasi zitarudi. Si ushauri wa kupuuzwa: ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku, zaidi ya tani 2 kwa mwaka, na huwezi kuyahesabu majani yote yaliyoota kuwa chakula chake. Angalau nusu inapaswa kubaki ili ifunike udongo na kuulisha mmea wenyewe, na kwenye nyanda kavu inapaswa kubaki zaidi ya hapo. Hata hivyo, naona idadi ya mifugo inabebeshwa mzigo usio wake. Swali zito kuliko hilo ni nani ana mamlaka ya kufunga malisho, yaani kuzuia mifugo isiingie ili nyasi zipumzike, na kama akisema yamefungwa, wenzake watamsikiliza.

Tazama nyasi inavyoishi. Ikiumwa mara moja, huchipua kwa nguvu ya majani yaliyosalia na akiba iliyo kwenye kitako cha shina. Chipukizi likiliwa kabla akiba haijarudi, mizizi hufa kidogo kidogo, na mmea wenye mizizi mifupi haufikii maji ya chini mvua zinapokatika. Kwa hiyo ng'ombe wachache wanaoshinda mahali pamoja mwaka mzima wanaweza kupamaliza, na kundi kubwa lililopita kwa siku chache kisha likahama likapaacha pazima. Tena hao wachache huchagua. Huirudia nyasi tamu kila inapochomoza na kuiacha ngumu ikomae na kumwaga mbegu, mpaka tamu itoweke. Kwa mbali utaona kijani. Inama uangalie, ni magugu.

Nyasi inahitaji mapumziko, na mapumziko hayo hayapangiki kwa kalenda kila mahali. Shamba la majani lililopandwa, lenye mvua ya uhakika na mbolea, linaweza kugawanywa vipande na kulishwa kwa zamu za siku zinazojulikana. Kwenye nyanda kavu mvua hunyesha bonde hili ikaruka lile, na mwakani ikafanya kinyume. Hapo kuhama ndiyo usimamizi wenyewe. Ukiigawa ardhi hiyo viploti vyenye uzio, kila mwenye ploti ameshika kipande ambacho huenda kisione mvua mwaka mzima, na ng'ombe wake hawana pa kwenda.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni visima. Hakuna zawadi rahisi kutolewa kama kisima kirefu, na ni wachache wanaouliza kwanza kuhusu nyasi zinazokizunguka. Sehemu isiyo na maji ya kudumu ilikuwa imefungwa na ukame wenyewe: mifugo iliondoka mabwawa yalipokauka, nyasi zikapona. Ukichimba kisima kinachotoa maji mwaka mzima, umeng'oa lango hilo bila kuweka jingine. Ardhi huanza kuwa tupu kandokando ya birika la kunyweshea mifugo, kisha upara unapanuka. Katika ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Saheli, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ng'ombe wengi walikufa kando ya visima virefu, maji yakiwapo. Njaa ndiyo iliyowaua. Mimi ningetaka kila kisima cha aina hiyo kiwe na watu waliokubaliana lini kifungwe, kabla mashine ya kuchimba haijafika.

Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin alidai kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mtu ataongeza mnyama mmoja zaidi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alipaswa kusema malisho ya pamoja yasiyo na usimamizi. Tofauti si ndogo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii nyingi husimamia mali ya pamoja vizuri pale zinapojiwekea sheria zao na serikali ikaziheshimu. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza nchini Tanzania mwaka 1986, ngitili ndiyo iliyotumika kurudisha miti na majani kwenye ardhi iliyokuwa imekwisha.

Moto, vichaka na mbegu navyo vina nafasi yao. Moto ukizuiwa kabisa mahali palipozoea kuungua, vichaka husonga. Ukiwashwa ovyo kila mwaka, udongo hubaki wazi. Kupanda mbegu za nyasi ni kazi nzuri, ila nimechoka kusikia miradi inayoanzia hapo. Mbegu hupandwa, zinaota, wiki chache baadaye ng'ombe wa nani sijui wamo ndani.

Wanaosifu kufunga malisho, nami nikiwamo, hatusemi vya kutosha kwamba kufunga kuna gharama, na anayeilipa kwanza ni mwenye ng'ombe wawili na asiye na pa kuwapeleka. Tajiri atakodi malisho kwingine au atanunua majani makavu. Kamati isiyotenga sehemu ya ndama, ng'ombe wa maziwa na wagonjwa itaona uzio wake ukivunjwa usiku, na mimi sitamshangaa aliyeuvunja.